Siku Niliyochomeka Laptopu Kwenye TV ya Baba Mkwe

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize kabisa, maana mimi nikishaanza sitasimama kukusubiri ufute machozi. Nilijiaibisha. Sikuaibishwa na mtu, wala na shetani, wala na mtandao wa simu ambao ndio huwa tunausingizia kila kitu; nilijiaibisha mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, mbele ya wakwe, mchana kweupe, nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi mara mbili na nanukia manukato ya kuazima, na kibaya zaidi waya wa kujiaibishia niliubeba mwenyewe kutoka Kasulu mpaka Kibondo, nimeukunja vizuri ndani ya begi usije ukaumia njiani.

Naitwa Bukuru. (Ndiyo, kwa Waha hilo ni jina la pacha, na mwenzangu hajambo, akili zote alibeba yeye.) Nafanya kazi masijala, katika ofisi moja hapa Kasulu ambayo sitaitaja kwa sababu bado inanilipa mshahara. Mtu wa masijala kazi yake ni kujua faili liko wapi, basi. Hahitaji kujua ndani kumeandikwa nini, anahitaji kujua liko kabati gani. Sasa mimi tabia hiyo niliihamishia nyumbani. Nikisoma kitu mtandaoni siwezi kukiacha kiende zake, lazima nikihifadhi. Kwenye laptopu yangu kuna kitufe, ukikibonyeza ukurasa wote unabaki kwako, picha na maneno na hata maoni ya watu wasio na kazi chini kabisa, na hata mtandao ukikatika wiki nzima wewe unao. Nilikuwa nimehifadhi namna ya kufuga sungura, na sina sungura. Nilikuwa na dalili za figo mbovu, namna ya kuacha kukoroma, hotuba za mwenyekiti wa harusi, mapishi ya pilau ya watu mia mbili (mimi ninayeishi peke yangu na jiko la gesi la plate moja), bei ya trekta, na mambo saba ambayo mwanamke hakwambii. Yote hayo nimeyatupia humo miaka na miaka, mengine yana majina ya maana na mengine yanaitwa "Ukurasa mpya" na namba.

Bila shaka nilipotaka kitu sikukipata. Ndipo nikaweka ile programu ya kutafuta.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hii ndiyo iliyonimaliza. Programu hii haitafuti jina la faili tu kama tulivyozoea. Yenyewe inaingia ndani, inasoma kila faili neno kwa neno, inajiandikia orodha yake kimyakimya wakati wewe umelala, halafu siku ukiandika neno moja tu inakuletea kila mahali ulipowahi kuliandika au kulihifadhi, na pembeni inakuonyesha kipande chenyewe, neno limepakwa rangi ya njano ulione kwa mbali. Ofisini niligeuka nabii. Bosi akisema, "Bukuru, kulikuwa na barua ya mgogoro wa kisima, sikumbuki ya lini wala ya nani," mimi naandika "kisima," na kabla hajakaa barua iko kwenye kioo. Watu walianza kuniita mtaalamu. Na mimi, badala ya kusema asante nikanyamaza, nilianza kutembea kama mtaalamu.

Hata Skola nilimpata kwa njia hiyo. Skola ni mwalimu wa shule ya msingi Kibondo, alikuja ofisini kwetu kufuatilia jalada lake la uhamisho lililopotea, na alikuwa ameshazungushwa vya kutosha. Nikamtafutia, likaonekana, akasema, "Kaka, Mungu akubariki," na mimi nikasema hiyo ni kazi ndogo tu dada yangu, niachie namba nikujulishe likisainiwa. Likasainiwa. Nikajulisha. Nikaendelea kujulisha hata pale ambapo hapakuwa na cha kujulisha, na baada ya mwaka na zaidi tukakubaliana kwamba sasa nipeleke barua kwa baba yake.

Hapo ndipo penye mtihani. Baba yake Skola, Mzee Ruhuza, ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Si mstaafu wa kawaida anayelima maharage yake akanyamaza. Huyu ni mtu ambaye mkisoma tangazo la msiba vibaya anawarekebisha akiwa amekaa na wafiwa. Sasa mimi Kiswahili changu ni hiki mnachokisikia, nyumbani tumekua na Kiha, shuleni nilipata alama za kunitosha kuvuka, na kazini barua ninazozijua zinaanza na "Tafadhali rejea." Nikakaa na kalamu jioni mbili. Nikaandika, "Tafadhali rejea mazungumzo yangu na binti yako." Nikachana.

Basi nikafungua programu, nikaandika "posa." Katika vilivyokuja kulikuwa na ukurasa niliokuwa nimeuhifadhi miaka mitatu nyuma, mfano wa barua ya posa, na jamani ile barua ilikuwa barua. Kulikuwa na sentensi inasema, "Nimepita mabonde na vilima nikitafuta maji ya kunituliza, kumbe chemchemi imejificha chini ya paa lenu." Mimi nikajiambia, sisi huku vilima tunavyo, mabonde tunayo, hii ni kama tumetungiwa. Nikanakili, nikabadilisha majina, nikampa fundi wa mwandiko mzuri hapo sokoni aiandike kwa mkono, nikamkabidhi mshenga wangu, Mzee Hamisi, rafiki wa marehemu baba, mwenye duka la vitambaa hapa mjini, mtu mwenye maneno ya pwani ingawa Kasulu amekaa kuliko mimi. Akaipeleka.

Jibu lilikuja haraka mno. Skola alinipigia simu, sauti yake imejaa furaha mpaka nikaogopa. Akasema baba yake ameisoma mara tatu, kisha akawasomea wazee wenzake nje ya kanisa baada ya misa, na sasa anaitunza ndani ya Biblia yake. "Anakuita kijana wa chemchemi," akasema. Kisha akauliza, "Bukuru, uliandika mwenyewe?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, mpana, hauna hata komeo. Mimi nikasema, "Sasa ataniandikia nani?" Na kama haitoshi nikaongeza kwamba niliiandika kwa mara moja tu, maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. (Yalikuwa yanakuja yenyewe kweli, ila sikueleza yanatoka wapi.)

Tukaitwa kwenda kujitambulisha, siku ya Jumamosi. Ijumaa Mzee Hamisi akaniita dukani akanipa maelekezo, akayarudia kama unavyomwambia mtoto asiguse pasi ya moto. "Kule unakwenda na mdomo uliofungwa. Ukisalimiwa, itikia. Ukipewa kiti, kaa. Mengine nitasema mimi, ndiyo maana ya mshenga."

"Sawa mzee," nikasema.

Asubuhi akaniona stendi na begi. "Hilo la nini?"

"Kuna kazi ya ofisi kidogo, mzee, nisije nikachelewesha watu."

Uongo huo. Nilikuwa nimefikiri usiku mzima jinsi ya kuonyesha kwamba sijatoka mtupu, kwamba mbali na barua mimi ni mtaalamu, na nikaona, mbona laptopu si mzigo. Nikaweka na ule waya wa kuunganishia kwenye TV, kwa sababu Skola aliwahi kuniambia baba yake amenunua TV kubwa. Uamuzi mdogo tu. Waya wenyewe haufiki hata mita mbili.

Kwa Mzee Ruhuza tulipokelewa vizuri kuliko nilivyostahili. "Mwakeye, mwakeye," salamu za kwetu kwa mikono miwili, viti vyenye vitambaa vya kufuma, na ile TV ukutani imefunikwa kitambaa chake kama bibi harusi. Walikuwepo Mzee Ruhuza mwenyewe, mrefu, mwembamba, miwani kifuani kwa kamba; ndugu yake mdogo aliyekuja kutoka Kasanda, mtu wa shamba, mpole, anayelalamikia mgongo; na shangazi yake Skola, Shangazi Melania, ambaye nilikuwa nimeonywa habari zake. Skola alikuwa jikoni, namsikia tu anagusagusa sufuria.

Mzee Hamisi akaanza. Mtu yule akisema unaweza kudhani posa ni ya kwake. Akaeleza tulikotoka, akaeleza marehemu baba yangu, akaeleza mama yangu aliyebaki nyumbani na miguu yake mibovu, akaeleza tabia zangu mpaka mimi mwenyewe nikatamani kukutana na huyo kijana. Mzee Ruhuza anaitikia kwa kichwa. Kisha akavaa miwani, akachukua Biblia, akatoa barua, akasoma ile sentensi ya chemchemi kwa sauti, taratibu, anapumzika penye koma.

"Nimefundisha maisha yangu yote," akasema, "sijawahi kupata mwanafunzi wa kuandika hivi."

Nikainamisha macho kwa unyenyekevu. Ningekuwa na aibu ningeyainamisha kwa hiyo aibu, lakini kwa kweli nilikuwa nasikia raha.

Mambo yangeishia hapo tungerudi Kasulu mimi nikiwa mchumba wa mtu. Lakini mzee, kwa kuwa alishaniona mwandishi mwenzake, akaanza kunieleza shida yake. Akasema anakusanya methali za Kiha na kuziwekea maelezo ya Kiswahili, ana maboksi matatu ya karatasi, na juzi alimaliza siku mbili anatafuta methali moja tu na hakuipata. "Nazeeka," akasema, "karatasi zinanishinda."

Na mimi, niliyeambiwa nije na mdomo uliofungwa, nikaufungua. "Baba, hilo ni tatizo dogo sana."

Mzee Hamisi akakohoa. Nikadhani ni vumbi la barabarani.

Nikatoa laptopu, nikaiweka juu ya meza ya vioo, nikaanza kumweleza mzee jinsi programu inavyosoma kila kitu, kwamba akichapa methali zake humo hatatafuta tena, ataandika neno moja na zote zitakuja. Mzee akasogeza kiti. Ndugu yake akasogeza kiti. Shangazi Melania akasema, "Mimi macho yangu hayaoni kwenye kadude hako. Mnaona ninyi peke yenu, mimi si mtu?"

"Shangazi, hilo nalo limo," nikasema, nikauchomoa waya kutoka kwenye begi kama mtu anayetoa zawadi.

TV ikavuliwa kitambaa chake. Kioo changu chote kikatokea ukutani, kikubwa, kila herufi kama ngumi. Nikaandika "muhogo." Zikaja kurasa nyingi, magonjwa ya muhogo, mbegu za muhogo, namna ya kutambua muhogo wenye sumu. Shangazi akasema, "Ego," yaani ndiyo, akatingisha kichwa. Yule mzee wa Kasanda akauliza kwa sauti ya chini kama kuna habari ya mgongo, nikaandika "mgongo," ikaja michoro ya mazoezi na mtu anayejikunja, akafurahi sana, akaomba nimsomee na nikamsomea. Hata Mzee Hamisi aliacha kukohoa. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule ya watu, mkono mmoja mfukoni, naeleza. Mkono mfukoni, mbele ya baba mkwe. Sijui nilijiona nani.

Ndipo Mzee Ruhuza akasema, kwa upendo mtupu, "Hebu tafuta ile sentensi yangu ya chemchemi. Nataka nione barua yangu ikiwa humo ndani."

Na hapa huwa naulizwa, kwa nini hukukataa? Ungesema betri imekwisha, ungesema umeme, ungeanguka ukazimia. Jibu ni kwamba akili yangu iliniambia itakuja barua moja tu, barua yenyewe, na itapendeza. Nilishasahau kabisa nilichokuwa nikiwaelezea dakika ishirini nzima, kwamba hiki kitu kinaleta kila mahali. Nikaandika, "chemchemi imejificha chini ya paa."

Yakaja majibu matatu.

La kwanza, "Barua ya posa, Mzee Ruhuza, Kibondo." Sawa. La pili, "Barua ya posa, Mzee Ndabaniwe, Manyovu." La tatu ule ukurasa wa mtandao wenyewe, na kichwa chake cha habari kirefu, "Mfano wa barua ya posa yenye maneno matamu: nakili, badilisha majina, tuma." Na pembeni, katika yote matatu, chemchemi imepakwa njano.

Mzee Ruhuza akapandisha miwani, na kwa sababu ni mwalimu na mwalimu hawezi kuona maandishi ukutani akayaacha, akaanza kusoma kwa sauti. Akasoma jina la kwanza. Akasoma la pili. Alipofika "nakili" akapumzika, akasoma "badilisha majina," akapumzika, akasoma "tuma."

Nikakimbilia kufunga. Mkono ulikuwa na jasho, nikabonyeza pasipofaa, na badala ya kufungika ule ukurasa ukafunguka wote, ukajaa TV nzima, na kidole changu kikiwa bado kinatafuta pa kufungia, ukaanza kuteremka wenyewe mpaka chini kwenye maoni ya watu. Mmoja ameandika, "Asante sana, nimeitumia, nimepata mke." Mwingine, "Mimi nimekataliwa ila baba mkwe amesifu Kiswahili." Mwingine anauliza kama kuna ya kuombea msamaha. Nikaung'oa waya. TV ikawa ya bluu, ikaandika kwamba haipati kitu chochote, na rangi ile ya bluu ikatumulika usoni sote kama tuko msibani.

Wa kwanza kusema alikuwa Shangazi Melania. "Huyu Ndabaniwe wa Manyovu ni nani?"

Mzee Hamisi akaniangalia, na kwa macho yake nilijua kwamba sasa ninaruhusiwa kusema, maana yeye hakuwa na habari na Manyovu.

Nikaeleza. Kwamba kabla sijamfahamu Skola kulikuwa na binti wa huyo Ndabaniwe kule mpakani, kwamba barua ilikwenda, kwamba ilikataliwa, na mambo yakaishia hapo, wala hakuna mtoto wala nini. Skola habari za binti huyo nilishamweleza zamani. Habari za barua ndizo sikumweleza.

"Ndabaniwe alikataa kwa sababu gani?" Mzee Ruhuza akauliza.

Ningeweza kutunga. Lakini siku ile nilikuwa nimeshachoka na maneno yaliyotungwa. "Alisema mtu anayeandika vizuri namna hii atakuwa mwongo."

Yule mzee wa Kasanda akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee Ruhuza hakucheka. Akaitazama ile karatasi aliyoshika, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya meza, karibu na mimi, mbali na Biblia.

Mzee Hamisi akajitahidi. Mshenga mzuri ni yule anayesema hata nyumba ikiwa inaungua. "Mzee mwenzangu," akasema, "mimi nauza khanga. Watu wananunua khanga yenye maneno, wanampa mke, wanampa mama, na maneno yale hakuna hata mmoja aliyeyatunga. Lakini anayeitoa anamaanisha."

"Kweli," Mzee Ruhuza akajibu. "Ila hawaambii watu wameichapa wao."

Mzee Hamisi akageukia dirishani.

Nilipogeuka, Skola alikuwa mlangoni, ameshika chupa ya kahawa na vikombe. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu kwenye jibu gani. Nilitegemea atalia, au atanitukana, hayo ningeyaweza. Akasema tu, kwa sauti ya kawaida, "Lakini nilikuuliza." Akaweka chupa mezani, akapanga vikombe kimoja kimoja, kimoja mbele yangu pia, akarudi jikoni.

Aibu ya TV ilikuwa ya watu wote, nikaigawa na waliokuwepo. Hii nyingine ilikuwa yangu peke yangu.

Na bado tulitakiwa kula. Mzee Ruhuza alisema chakula kimeshapikwa na hakuna mtu anayetoka kwake na njaa, hata awe nani (hilo "hata awe nani" lilinifikia). Tukaletewa ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka walioungwa kwa mawese, chakula ninachokipenda kuliko vyote duniani, na ninawaambia ukweli nilikitafuna kama karatasi. Hakuna aliyezungumza isipokuwa mzee wa Kasanda, aliyeniuliza kwa adabu kama naweza kumwandikia yale mazoezi ya mgongo. Nikamwandikia. Ndiyo kazi pekee ya maana niliyofanya siku ile.

Kwenye basi la kurudi Mzee Hamisi alikaa dirishani, hakunilaumu. Tulipokaribia Kasulu akasema, "Nilikuuliza pale stendi, hilo begi la nini." Nikasema ndiyo mzee. Akasema, "Basi," akalala.

Skola hakupokea simu wiki hiyo, wala iliyofuata. Nilimtumia ujumbe, nikafuta kabla haujaondoka, nikaandika mwingine. Ofisini waliniona nimenyamaza wakadhani nimepata kesi. Mwishowe nikachukua daftari la mistari na kalamu ya wino, laptopu nikaifungia kabatini, nikamwandikia barua yeye mwenyewe, si baba yake. Ilinichukua siku tano na ilijaa ukurasa na robo. Ilikuwa barua mbaya. Niliandika kwamba nilidanganya kwa sababu nilimwogopa baba yake, halafu nikafuta nikaandika kwamba nilidanganya kwa sababu nilipenda kusifiwa, maana hilo la pili ndilo la kweli. Niliandika kwamba aliponiuliza kwenye simu nilikuwa na nafasi ya kusema na sikusema, na kwamba sina maneno mazuri ya kufunika hapo. Nikamwomba msamaha. Neno "msamaha" nililiandika vizuri, mengine sina uhakika.

Siku kadhaa zikapita, akapiga. "Barua yako ina makosa mengi," akasema.

"Najua."

"Nimempa baba aisome."

Nikakaa chini. Nilikuwa barabarani, karibu na kijiwe cha bodaboda, nikakaa kwenye jiwe. "Amesema nini?"

"Amesema uje. Na usije na kitu cha kuchomeka."

Tukaenda tena, mimi na Mzee Hamisi, ambaye alikubali kwa sharti kwamba begi langu alipekue stendi, na alilipekua kweli, mbele ya abiria, akatoa hata mswaki akautazama. Sebule ilikuwa ile ile na watu wale wale, TV imefunikwa. Safari hii Mzee Ruhuza hakutaka kusikia mshenga. Akaniambia nisimame, akauliza swali moja tu: "Binti yangu umempendea nini?"

Nilitafuta kichwani. Hakukuwa na kitu cha njano. Nikaanza, nikakwama, nikachanganya Kiha na Kiswahili, nikaanza upya. Nikasema siku moja tulikuwa sokoni Kasulu mvua ikatukuta, mvua ya huku kwetu ile isiyotoa taarifa, na Skola alikuwa na mwavuli. Akamwona mama mmoja amebeba mtoto mgongoni, akampa ule mwavuli, tukalowa sisi. Nikasema mimi nilikasirika, nilikuwa na viatu vipya, sikuongea naye mpaka tunafika stendi. Na usiku ule nikiwa peke yangu nikagundua kwamba nimemkasirikia mtu kwa sababu ya mwavuli wake mwenyewe, na kwamba kama nitaishi na mtu kama huyu huenda na mimi nikawa nafuu kidogo kuliko nilivyo. Nikasema ni hilo tu, sina lingine lililopangika.

Mzee Ruhuza akavua miwani. Kisha akasema, "Hiyo ungeiandika."

Tulikubaliwa siku ile, si kwa shangwe, kwa faini. Shangazi Melania alidai jozi mbili za vitenge kwa sababu nilimfanya alie, ingawa hakuna aliyemwona akilia. Nikatoa. Tumeshaoana, tunaishi Kasulu, na mke wangu ni mtu mwema mwenye kasoro moja, kwamba nikimtumia ujumbe wenye neno lolote lililozidi kidogo uzuri, anajibu kwa swali: umeutoa wapi?

Kwa hiyo nimeapa, na kiapo hiki nimekitunga mwenyewe, ndiyo maana hakina mvuto. Programu bado ninayo, kazini inanisaidia, methali za baba mkwe nazichapa humo na anazipata kwa neno moja. Lakini kitu ambacho kinatakiwa kutoka kinywani mwangu kwenda kwa mtu ninayemheshimu, sikitafuti tena mahali popote. Nitakisema nilivyo nacho. Kikiwa kibaya, angalau hakuna mtu Manyovu mwenye nakala.